Muziki wa simu kwenye redio ya zamani ya gari bila kuing'oa: ni njia ipi iliyo bora?

Mpenda Kanda

Habari zenu, wakuu. Gari langu liliundwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya soko la Japani, na bado lina redio yake ya kiwandani yenye deki ya kaseti na tundu la CD. Uso wa redio hiyo umeumbwa pamoja na dashibodi, vitufe vyake vinawaka rangi ileile ya taa za mita, na spika zote nne ni nzima. Sina sababu ya kuichukia, wala sitaki kuweka mahali pake kitu kinachomeremeta ambacho hakifanani na gari. Shida ni kwamba nyimbo zangu zote sasa ziko kwenye simu, CD nilizobaki nazo zinarukaruka kwa mikwaruzo, na redio haina tundu la AUX (la kuingizia sauti kwa waya) wala la USB.

Kwa sasa natumia transmita ya FM inayochomekwa kwenye soketi ya kiberiti. Gari likiwa limesimama inaridhisha kiasi, lakini nikiwa safarini kituo fulani hujitokeza ghafla juu ya wimbo, na hata pasipo na kituo husikika mchakacho usiokoma nyuma ya muziki. Jambo jingine linalonitatiza ni kwamba transmita ina masafa mengi ya kuchagua, ilhali redio inayakubali machache tu ya mwanzoni.

Naomba kujua kama kuna njia ya kuingiza sauti ya simu kwenye redio hii kwa waya au kwa Bluetooth bila kupitia hewani. Nimesikia pia kwamba redio inaweza kufunguliwa na kupachikwa waya wa AUX ndani yake. Je, ni kweli? Na ikiwa dawa ni kubadilisha redio nzima, naomba nielezwe sababu zake kabla sijagusa kitu kilicho kizima.

Fundi Waya

Ndugu Mpenda Kanda, nianze na hilo la masafa, maana ndilo linaloeleza sehemu kubwa ya kero yako. Redio za soko la Japani za miaka hiyo hupokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, ilhali transmita zinazouzwa kwingi hurusha kati ya 87.5 na 108. Vifaa hivi viwili vinakutana kati ya 87.5 na 90 tu, na katika ukanda huo mwembamba ni bahati kupata nafasi isiyo na kituo mahali pote utakapopita. Tena nguvu ya transmita hizi imewekewa kikomo kidogo mno kisheria, ambacho katika nchi nyingi za Ulaya ni nanowati 50, kwa hiyo kituo halisi kikishafika karibu hakuna mashindano. Hata pale mawimbi yanapokuwa safi kabisa, FM hubeba sauti hadi takriban kilohezi 15, na mchakacho kidogo haukosekani. Ipo moduleta ya waya, inayopachikwa kati ya antena na redio na kukata antena wakati muziki unapopita. Hiyo ni nafuu kubwa kuliko ya kurusha hewani, lakini bado ni FM, na mimi huiacha iwe ya mwisho.

Kabla hujanunua chochote, itoe redio uitazame mgongoni. Hakikisha kwanza kwamba si aina inayojifunga ikikosa umeme na kudai namba ya siri. Kama ni hiyo, namba uwe nayo mkononi kabla ya kuondoa waya wa betri. Unachokitafuta mgongoni ni soketi ya ziada isiyo na plagi. Redio nyingi za kipindi hicho ziliandaliwa kuunganishwa na chenja ya CD, yaani lile sanduku la CD sita au zaidi lililokaa kwenye buti au chini ya kiti, hata kama gari lenyewe liliuzwa bila chenja. Dalili yake kwa mbele ni kitufe chenye maandishi kama CDC au CD-CH, na ukikibonyeza redio haihami au inaandika kwamba hakuna chenja.

Katika soketi hiyo kuna nyaya za sauti ya kushoto na ya kulia, umeme wa volti 12, hasi, na nyaya za data. Hizo za data ndizo zinazowatatiza wengi. Redio huiuliza chenja kama ipo, na isipojibiwa hukataa kabisa kuhamia upande huo, kwa hiyo kuunganisha nyaya za sauti peke yake hakusaidii kitu. Kinachotakiwa ni kisanduku kinachoijibu redio kana kwamba chenja ipo, huku chenyewe kikipokea muziki kwa Bluetooth, kwa USB au kwa tundu la AUX. Kinunue kwa kufuata redio, si jina la gari peke yake, kwa sababu modeli moja ya gari iliweza kufungwa redio za viwanda viwili tofauti, kila kimoja na utaratibu wake wa data. Namba utakayoihitaji imeandikwa kwenye kibandiko kilicho juu ya bati la redio, na mara nyingi haionekani mpaka redio iwe imetoka.

Sauti inayoingia kwa njia hii haipiti hewani wala kwenye hedi ya kaseti, yaani kile kisomaji cha utepe. Inaingia kwenye saketi iliyotengenezwa mahsusi kuipokea, na hakuna kinachokatwa. Kwa gari kama lako, hiyo ndiyo njia ningeitafuta kwa juhudi zote kabla ya kufikiria nyingine.

Usipoikuta soketi hiyo, usiidharau adapta ya kaseti, yaani kaseti bandia yenye waya unaochomekwa kwenye simu. Mahali ambapo utepe ungepita pana hedi ndogo inayotazamana na hedi ya redio, na sauti huvuka kati yao kwa usumaku. Watu wengi huilaumu kwa sauti hafifu kumbe redio ndiyo haijaandaliwa. Safisha hedi kwa pamba iliyoloweshwa spiriti, izime Dolby (mfumo wa kupunguza mchakacho wa kanda) kwa sababu ingeshusha sauti nyembamba ambazo hazikuwahi kupandishwa, na swichi ya aina ya utepe iwe ya kawaida, si ya Metal. Deki ikiwa inageuza upande kila mara au inaitema adapta, maana yake ni kwamba inahisi magurudumu hayazunguki. Gia zilizo ndani ya adapta zimekwama au hazimo kabisa, nawe utahitaji adapta yenye gia nzima.

Dada Lehemu

Fundi Waya ameeleza vizuri, nami nijibu lile la kufungua redio. Ni kweli kwamba inawezekana, na ikifanywa kwa utulivu matokeo yake hayatofautiani na AUX ya kiwandani. Lakini sehemu inayofaa kuingizia sauti ni moja tu, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika.

Sauti ya kaseti hutoka kwenye hedi ikiwa chini ya milivolti moja. Kutoka hapo huingia kwenye saketi ya awali ambayo huikuza sana na wakati huohuo kuinua besi, kwa kuwa ndivyo utepe ulivyorekodiwa. Baada ya hapo huenda kwenye chipu inayochagua chanzo cha sauti, kisha kwenye kidhibiti cha sauti, na mwisho kwenye amplifaya. Simu hutoa mamia ya milivolti. Ukiichomelea kwenye nyaya za hedi, kama wafanyavyo wengi kwa sababu hizo ndizo zinazoonekana kwa urahisi, utapata muziki uliopasuka wenye besi nzito isiyo na maneno. Sauti ya simu iingie baada ya saketi ya awali na kabla ya chipu ya kuchagua. Soma namba iliyoandikwa mgongoni mwa chipu hiyo, utafute karatasi ya maelezo ya mtengenezaji wake, na humo utaona mguu upi ni wa kaseti kushoto na upi ni wa kaseti kulia.

Miguu hiyo kwa kawaida ina volti kadhaa za umeme mnyoofu, hivyo usiiunganishe na simu moja kwa moja. Weka kapasita, inayozuia umeme huo na kupitisha sauti, kwenye kila upande, ya kati ya mikrofaradi 1 na 10, yenye upande wake chanya ukielekea kwenye chipu. Sauti ya kaseti nayo lazima ikatwe isichanganyike na ya simu. Mimi hupenda kutumia tundu la AUX lenye swichi za ndani: plagi isipokuwamo, sauti ya kaseti hupita kama kawaida, na plagi ikiingia, vile vibati viwili vidogo husukumwa na kuachana, kaseti inanyamaza na simu inashika. Ukitazama tundu kwa ubavuni utaviona vibati hivyo vikisogea. Hivyo deki inabaki hai kwa anayetaka kuendelea na kanda zake.

Jambo linalosahaulika ni kwamba redio haitafungua njia ya kaseti mpaka iamini kwamba kaseti inacheza. Utahitaji kuweka kaseti tupu izunguke, au, ikiwa umeingilia kwenye mguu wa CD, kuchoma CD ya ukimya wa dakika nyingi na kuiacha ijirudie. Mota na leza zinaendelea kuchakaa wakati wote huo, na kwa sababu hiyo naiweka njia hii chini ya ile ya soketi ya chenja.

Chuma cha kulehemu kiwe na ncha nyembamba, na kisikae mahali pamoja kwa muda mrefu. Kwenye bodi za saketi za umri huo, gundi iliyoshika njia za shaba imekwisha choka, na njia ikibanduka kuirudisha ni kazi ya siku nzima.

Safari Ndefu

Naheshimu mapenzi ya ndugu yetu kwa redio yake, lakini upande wa pili nao usemwe. Mtu anayeendesha kila siku na kupigiwa simu njiani atanufaika zaidi na redio mpya: ina maikrofoni, inapokea FM hadi 108, jina la wimbo linaonekana kwenye kioo, na kila kitu kinaendeshwa na mashine moja badala ya visanduku vilivyofichwa nyuma ya dashibodi. Zipo redio mpya zenye sura ya kale, za vitufe vya kuzungusha na taa moja tulivu, ambazo hazitalitia gari aibu.

Anayechagua njia hii apime nafasi kwanza. Kipimo cha kawaida cha redio ni milimita 180 kwa upana na 50 kwa kimo, au 100 kwa ile ya ghorofa mbili. Magari mengi ya Toyota yana nafasi ya upana wa milimita 200, na hapo vipande vya kuziba pembeni vinahitajika. Asikate plagi ya gari kamwe. Anunue waya wa kuunganishia wenye plagi ya gari upande mmoja na ya redio mpya upande wa pili, ili ile ya zamani iweze kurudi mahali pake siku yoyote. Kwenye redio nyingi za kununua dukani, njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni ule unaokuja ufunguo ukizungushwa, nyeusi ni hasi. Nyeupe na kijivu ni spika za mbele, kijani na zambarau ni za nyuma, na wenye mstari mweusi ni upande hasi wa spika.

Sasa hapo kwenye upande hasi wa spika ndipo pana hatari ambayo watu hawaambiwi. Katika baadhi ya magari ya zamani, hasi za spika ziliunganishwa pamoja au kufungwa kwenye bodi ya gari. Amplifaya za redio mpya hazivumilii jambo hilo, kwa kuwa nyaya zote mbili za kila spika zinabeba umeme wa karibu nusu ya volti za betri, na ukiugusisha mmoja wao na bodi, redio hujizima au huungua. Ukiwa umechomoa redio ya zamani, pima kwa mita ya umeme kati ya kila waya wa spika na bodi, kisha kati ya hasi za spika zenyewe. Mita ikionyesha kwamba kuna njia, vuta nyaya mpya hadi kwenye spika.

Aangalie pia kama gari lina amplifaya yake ya kiwandani iliyojificha mahali. Baadhi ya mifumo hiyo hutumia spika za omu 2 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na redio mpya nyingi zimeandaliwa kwa omu 4.

Fundi Waya

Hoja ya kupigiwa simu nakubaliana nayo, mkuu. Baadhi ya visanduku vya chenja vina maikrofoni, lakini mazungumzo yake ni ya kustahimili tu. Kwa anayetaka muziki peke yake, kama alivyoandika mwenye mada, bado sioni sababu ya kuing'oa redio iliyo nzima.

Mtaka Kujua

Samahanini kwa kuingilia, wakuu. Gari langu lina Bluetooth ya kiwandani, nami huongea na watu kupitia spika bila tatizo lolote, lakini nikicheza wimbo sauti inabaki kwenye simu. Je, ni mpangilio wa simu au ni gari?

Dada Lehemu

Karibu, ndugu. Karibu kila mara ni gari. Bluetooth ina taratibu tofauti kwa kazi tofauti: ile ya mazungumzo huitwa HFP, na ile ya muziki wa stirio huitwa A2DP. Magari mengi ya kwanza kuwekewa Bluetooth yalipewa ya mazungumzo tu, na hakuna mpangilio wa simu unaoweza kuiongeza nyingine. Fungua orodha ya vifaa kwenye simu yako na uguse jina la gari. Ikiwa panaonekana simu pekee bila sauti ya muziki, jibu umelipata. Unaweza kuongeza kipokezi kidogo cha Bluetooth kwenye tundu la AUX, ikiwa lipo, na kuiacha ile ya kiwandani iendelee na mazungumzo, kwa kuwa simu za kisasa zinaweza kuungana na vyote viwili na kugawa kazi.

Mpenda Kanda

Wakuu, nawashukuru sana. Nimeitoa redio, na soketi ya chenja ilikuwepo, imefunikwa kwa kizibo cha plastiki. Nimefunga kisanduku kinachoendana na namba ya redio, chenye waya wa AUX, kisha nikaunganisha kipokezi cha Bluetooth ninachokipa umeme kutoka kwenye chaja ya USB ya soketi ya kiberiti. Muziki unatoka safi kuliko nilivyotarajia, lakini injini ikiwaka kuna mluzi mwembamba unaopanda na kushuka nikikanyaga mafuta. Isitoshe, nyimbo za simu zinasikika chini kuliko redio, kiasi kwamba nikirudi kwenye FM sauti inanishtua.

Fundi Waya

Hongera, mkuu. Mluzi unaofuata mzunguko wa injini ni umeme wa altaneta (jenereta ya gari) unaoingia kwenye sauti, na kwa maelezo yako naweza kukuambia unapoingilia. Kipokezi chako kina hasi mbili: moja inapitia chaja hadi soketi ya kiberiti, nyingine inapitia waya wa sauti hadi kwenye redio. Sehemu hizo mbili za gari hazina hasi iliyo sawa kabisa, kwa hiyo umeme kidogo unazunguka kupitia waya wa sauti, na redio inaukuza pamoja na muziki.

Thibitisha kwanza. Chomoa kipokezi kutoka kwenye chaja na ukipe umeme kwa pawabenki, injini ikiwa inawaka. Mluzi ukitoweka, mzunguko huo wa hasi ndio chanzo. Ukibaki, tatizo liko kwenye waya wa hasi wa redio yenyewe, nao uusafishe kutu pale ulipofungwa.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kitenganishi kinachokaa kwenye waya wa AUX, chenye transfoma ndogo mbili ambazo hupitisha sauti bila kuunganisha hasi. Ni rahisi kufunga, ila zile za hali ya chini hupunguza besi, nawe utaisikia tofauti kwa spika zako nzima. Ya pili, ambayo mimi huipendelea, ni kuacha sauti kama ilivyo na kutenganisha umeme: kipande kidogo cha volti 5 kuingia na volti 5 kutoka ambacho pande zake mbili hazigusani, kama vile B0505S. Hicho ni cha wati 1, yaani takriban miliampea 200, kinachowatosha vipokezi vingi visivyo na betri ya kuchaji. Kile cha kawaida cha kushusha volti 12 hadi 5 hakitakusaidia hapa, kwa kuwa hasi yake ya kuingia na ya kutoka ni waya mmoja.

Kuhusu sauti ndogo, ipandishe ya simu hadi karibu na mwisho, kwa mfano hatua moja au mbili chini ya kilele, kisha tumia kitufe cha redio peke yake. Simu nyingine zina sauti yao na kipokezi kina yake, kwa hiyo angalia kama kipokezi nacho kina vitufe vya kuongeza. Na siku utakapohamisha umeme wa kipokezi kutoka soketi ya kiberiti, uuchukue kwenye waya unaozimika na ufunguo, si ule wa kudumu, la sivyo kipokezi kitaendelea kunywa betri gari likiwa limeegeshwa. Waya huo uwe na fyuzi yake ndogo, ya ampea 1 inatosha.

Mpenda Kanda

Nimejaribu kwa pawabenki, fundi, na mluzi umetoweka kabisa hata nikikanyaga mafuta hadi mwisho. Nimeagiza kile kipande cha kutenganisha umeme. Je, nikifunge karibu na redio au karibu na soketi ya kiberiti?

Fundi Waya

Karibu na kipokezi, mkuu, na hasi ya upande wa kutoka isiguse bati lolote la gari. Kifunge ndani ya mpira wa kuzuia umeme kabla ya kurudisha redio mahali pake, kwa sababu nyuma ya redio kuna mabano ya chuma kila upande, na yakiugusa hata mguu wake mmoja wa upande wa kutoka mluzi utarudi.